Siku ya kwanza kwenye theluji haina supastaa

DESEMBA 2022, Bayern Munich ilipata pigo ambalo halikutoka kwa straika yeyote. Ujerumani ilikuwa imeshatolewa hatua ya makundi kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, na kipa wake, Manuel Neuer, akaamua kwenda milimani kupumzisha kichwa. Akavunjika mguu akiwa kwenye skii. Msimu wake ukaishia hapo hapo. Januari 2023 Bayern ikalazimika kumnunua Yann Sommer kutoka Borussia Mönchengladbach, na Neuer hakurudi golini hadi Oktoba 2023.

Huyo siyo mtu wa kushangaa theluji. Tangu 2011 anaishi Bavaria, jirani kabisa na milima ya Alps. Ana Kombe la Dunia la 2014 kabatini, ana misuli, ana madaktari, ana kila kitu.

Sasa jiulize. Kama mlima ulimfanyia hivyo Neuer, utamfanyia nini baba wa kawaida, mwenye kitambi cha wastani na mechi moja ya veterani kila Jumapili, anayekanyaga theluji kwa mara ya kwanza akiwa na mkewe na watoto wawili?

Jibu la swali hilo linapatikana kila mwaka kati ya Juni na Agosti, na halihitaji kupanda ndege mpaka Ulaya. Lipo Lesotho.

MLIMA WA JIRANI

Ukitaja skii, watu wengi wanawaza Uswisi, Austria na Ufaransa. Afrika nayo imo. Morocco, walioandaa AFCON 2025, wana Oukaïmeden, mlima ulio juu ya Marrakech ambako watu wanateleza majira ya baridi. Algeria nao wana vituo vyao. Kwa huku kusini kuna Afriski, kituo kilichojengwa kwenye Milima ya Maluti, kaskazini mwa Lesotho, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari.

Lesotho ni ile nchi ndogo iliyozungukwa na Afrika Kusini pande zote. Hakuna kona yake iliyo chini ya mita 1,000. Mashabiki wa Taifa Stars hawajaisahau. Novemba 18, 2018, Stars ilikwenda Maseru ikiitaka tiketi ya AFCON 2019, ikachapwa bao 1-0 kwenye Uwanja wa Setsoto, na safari ya Misri ikabidi isubiri ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda pale Kwa Mkapa Machi 2019.

Maseru yenyewe, pamoja na baridi yake, bado ni bondeni ukilinganisha na Afriski. Kwa anayetaka kupata picha kamili, afikirie Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kambi ya Mandara ipo kwenye mita 2,720 na Horombo ipo 3,720. Afriski inakaa katikati ya hizo mbili. Tofauti ni kwamba Mandara unafika kwa miguu, kijasho kinakutoka, muongozaji anakukumbusha "pole pole" kila baada ya hatua kumi. Afriski unafika ukiwa umekaa kwenye kiti cha gari, umekula chipsi njiani, na muziki unapiga.

Na hapo ndipo tatizo la kwanza linapoanza.

HEWA HAINA UNDUGU

Tuchukue familia ya mfano. Baba, mama, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka saba. Wanaishi Johannesburg, kama ilivyo kwa wageni wengi wa Afriski, ambao hutokea Afrika Kusini. Wanaondoka alfajiri, wanavuka mpaka wa Caledonspoort, wanapita mji wa Butha-Buthe, halafu barabara inaanza kupanda kwa kona kali hadi Moteng, juu ya mita 2,800. Njiani wanawaona wachungaji wa Kibasotho wamejifunga mablanketi yao maarufu, wengine juu ya farasi. Watoto wanapiga picha. Baba anasema hiyo baridi ni ya kawaida tu.

Familia hii ina nafuu kidogo. Johannesburg ipo karibu mita 1,700, kwa hiyo miili yao haitoki sifuri. Simba wanaijua hewa ya pale. Mei 2021 walipigwa 4-0 na Kaizer Chiefs kule Soweto kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakaja kushinda 3-0 Dar es Salaam na kutolewa kwa tofauti ya bao moja. Haitakuwa haki kusema mwinuko ndiyo uliofunga mabao yale manne. Lakini timu inayotoka usawa wa bahari ikicheza kule, mapafu yanakuwa na kazi ya ziada ambayo mwenyeji hana.

Kinachotokea ni hiki. Oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21, uwe Kigamboni au juu ya Kibo. Kinachopungua ukipanda ni mgandamizo wa hewa. Kwenye mita 3,000 na kidogo, kila pumzi inaleta takriban asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo mtu wa Dar, Tanga au Mombasa amezoea kuivuta. Moyo unaanza kukimbia hata ukiwa umesimama. Ngazi kumi za hoteli zinakutoa pumzi kama umemaliza dakika 120 na penalti.

Amerika Kusini wameligombania jambo hili miaka na miaka. Uwanja wa Hernando Siles mjini La Paz, Bolivia, upo juu ya mita 3,600, yaani juu kuliko Afriski. Mwaka 2007 FIFA ilipiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vya juu ya mita 2,500, Wabolivia wakaja juu, na Rais wao wa wakati huo, Evo Morales, akaingia mwenyewe kucheza mpira milimani kuonyesha kwamba inawezekana. Marufuku ikaondolewa 2008. Aprili 2009 Argentina ya kocha Diego Maradona, Lionel Messi akiwa uwanjani, ikaenda La Paz na kurudi na kipigo cha 6-1.

Kama Messi alipata shida pale, mtoto wa miaka saba hapaswi kuchekwa akisema kichwa kinamuuma.

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuwapata watu juu ya mita 2,500, na mara nyingi hauji pale pale. Unakuja saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika. Kichwa kinagonga, chakula hakitamaniki, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi hauji. Ndiyo maana familia nyingi huwa na furaha mchana na simanzi usiku. Dawa ya kwanza ni kupumzika, kunywa maji, kuacha pombe na kutopanda juu zaidi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema kwa shida huku amekaa tu, hakuna cha kusubiri asubuhi. Anateremshwa bondeni usiku huo huo na kupelekwa kwa daktari.

UONGO WA DUKANI

Kituo cha pili ni chumba cha kukodi vifaa. Skii ni vibao viwili virefu na vyembamba, kimoja kwa kila mguu. Viatu vyake ni vya plastiki ngumu vinavyobana mpaka juu ya kifundo. Baba aliyezoea njumu anatembea humo kama aliyefungwa hogo miguu yote miwili. Kisha kuna fimbo, helmeti, glovu na miwani mikubwa ya kuziba macho.

Miwani siyo urembo. Ukali wa miale ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Mweusi naye anaungua, hata kama barafu imemzunguka. Anayeacha miwani hotelini anaweza kuamka usiku macho yanawasha kama yameingia mchanga.

Lakini sehemu nyeti kuliko zote ni klipu inayoshika kiatu kwenye skii. Kazi yake ni kushika unapoteleza na kuachia unapoanguka. Fundi anaiset kwa kufuata uzito, urefu, umri na uzoefu wa mtu. Mgeni anawekewa laini, iachie mapema. Mzoefu anawekewa ngumu, maana anakwenda kasi na hataki imwachie njiani.

Fundi anauliza, "Umewahi kuteleza?"

Mama anasema hapana. Watoto wanasema hapana. Baba anatazama pembeni, anaona vijana wenye nguo kali wanapita, anajibu, "Kidogo kidogo, siyo sana."

Hapo ameshajifunga goli. Klipu ikikazwa kuliko inavyotakiwa, siku atakayoanguka vibaya skii itabaki mguuni, itajizungusha, na goti litazunguka nayo. Mashabiki wa soka hawahitaji kuelezwa ACL ni nini. Ni jeraha lile lile linalomweka mchezaji nje miezi sita, tisa, wakati mwingine mwaka mzima. Kwenye skii ni miongoni mwa majeraha yanayotokea sana, na mlima hauulizi kama ulikuwa na mechi Jumapili.

PIZZA NA CHIPSI

Asubuhi inaanza kwenye mteremko mdogo wa wanaojifunza. Afriski siyo kubwa, mteremko wake mkuu una urefu wa kama kilomita moja, na theluji yake nyingi inatengenezwa. Usiku, baridi ikishuka chini ya sifuri, mashine zinapuliza maji kwa kasi hewani na kuyageuza chembe za barafu kabla hayajagusa ardhi. Asubuhi unakuta utepe mweupe umelala mlimani, pembeni yake majani yamekauka, ya kahawia.

Makocha wengi duniani huwafundisha watoto kwa lugha ya chakula. Ukitaka kupunguza mwendo au kusimama, unakutanisha ncha za mbele na kupanua visigino, miguu inakuwa na umbo la kipande cha pizza. Ukitaka kwenda, unazinyoosha sambamba, zinakuwa chipsi. Basi. Mtoto wa miaka saba anasikia pizza, anafanya pizza. Baba anasikia pizza, anaanza kufikiria uzito wake, goti lake la kushoto, na nani anamrekodi na simu.

Kabla ya kuteleza, kocha mzuri anafundisha kuanguka. Unaangukia ubavu, hujitupi nyuma wala huweki mkono mbele kujizuia. Kuinuka nako ni darasa. Skii zote mbili zinalazwa kukata mteremko, zisielekee chini, vinginevyo ukisimama tu unaondoka tena bila ridhaa yako.

Saa moja ikipita, matokeo huwa yanafanana kila mwaka. Mtoto mdogo anaongoza. Yupo karibu na ardhi, akianguka haumii sana, na hana heshima ya kulinda. Dada yake anafuata. Mama, ambaye alikubali mapema kwamba hajui, anasikiliza na kupata. Baba anashika mkia, jasho linamtoka ndani ya koti, anapumua kama kipa aliyekimbia kupiga kona dakika ya 94.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu kuhusu faida ya kuanza mapema. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akahamia Austria akiwa mtoto mdogo na kukulia kwenye familia iliyomweka juu ya skii angali na miaka michache. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi pale Pyeongchang, akishindana kwenye mbio za kuteremka mlima.

Kabla yake alikuwepo Philip Boit, mkimbiaji aliyepelekwa Finland mwaka 1996 akiwa mtu mzima kwenda kujifunza skii za masafa kutoka mwanzo kabisa. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ya Nagano 1998, Boit alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Dæhlie alijua thamani ya mtu mzima anayekubali kuanguka mbele ya dunia nzima, akainuka na kumaliza.

Baba wa Johannesburg hana kamera za dunia nzima. Ana watoto wawili tu wanaomcheka.

SAA TISA ALASIRI

Siku inaamuliwa baada ya chakula cha mchana. Watu wameshiba, jua linawaka, somo limekwisha. Baba sasa anaweza kusimama kwa pizza, mara tatu kati ya nne. Anatazama juu, anaona vifaa vya kuvuta watu vinapandisha kundi la vijana mpaka kileleni. "Ngoja nikapige moja tu," anasema.

Kila kilichoelezwa hapo juu kinakutana kwenye sentensi hiyo. Mapaja yamechoka, kwa sababu kuteleza kunatumia misuli ambayo mpira wa Jumapili haujawahi kuigusa. Oksijeni ni ile asilimia 70. Klipu imewekwa kwa uongo wa asubuhi. Jua likianza kuzama nyuma ya mlima, theluji iliyolainika mchana inaganda tena na kuwa ngumu kama sakafu. Na mteremko mkuu una watu wanaokwenda kasi.

Huko juu kuna sheria, zilizotungwa na Shirikisho la Kimataifa la Skii, na ile ya msingi ni rahisi kuikumbuka. Aliye mbele yako, chini yako mlimani, ndiye mwenye haki ya njia. Wewe unayetoka nyuma ndiye unayemwona, kwa hiyo ni jukumu lako kumkwepa. Mgeni asiyejua kugeuka wala kusimama kwa uhakika hawezi kuitii sheria hiyo hata akitaka. Anayeumia anaweza kuwa yeye, au mtoto wa mtu mwingine.

Mama akiwa mjanja, hagombani naye hadharani. Anamwita kocha, anamwomba ampime baba kwenye mteremko mdogo kwanza, ageuke kushoto mara tano, kulia mara tano, asimame atakapoambiwa. Akiweza, kesho asubuhi atapanda na kocha, miguu ikiwa mipya, klipu ikiwa imesetiwa upya kwa ukweli. Akishindwa, atakuwa ameshindwa mahali ambapo kuanguka kunauma matako tu.

Wengi wanaorudi nyumbani wazima ni wale waliokubali kutolewa dakika ya 60.

BAJETI ISIKATE KOCHA

Kuna familia zinafika zimeshatumia karibu kila kitu kwenye mafuta, malazi na kukodi vifaa, halafu zinabana kwenye somo. Ni sawa na klabu inayosajili wachezaji kumi wapya na kumfukuza kocha ili kubana matumizi. Kwa siku ya kwanza, saa moja au mbili za mwalimu zina thamani kuliko siku tatu za kuteleza bila kujua kusimama. Unafuu upo sehemu nyingine. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa Lesotho na ina thamani sawa na loti, fedha yao, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha hela. Nguo za theluji zinaweza kukodiwa au kuazimwa. Jezi ya Kaizer Chiefs inaweza kuvaliwa ndani kama kawaida.

Kwa anayetokea Dar, Mombasa au Zanzibar hesabu inaongezeka jambo moja, muda. Alale kwanza usiku mmoja au miwili Johannesburg au mahali pengine pa mwinuko wa kati kabla ya kupanda mita 3,000. Waongozaji wa Kilimanjaro wanawaambia wageni hivyo kila siku, na wageni wanalipa kuambiwa.

Bado kuna kundi moja linalopaswa kusoma zaidi ya maelekezo ya fundi wa vifaa. Msimu wa Lesotho unaanza Juni, wakati ambao ligi zetu zinafikia ukingoni na wachezaji wanaanza kutafuta pa kupumzika na familia zao. Picha za theluji zinapendeza mtandaoni. Lakini mikataba mingi ya soka la kulipwa huwa na kipengele kinachomzuia mchezaji kushiriki michezo ya hatari bila ruhusa ya klabu, na skii ni moja ya michezo inayotajwa sana. Staa anayetaka kuwapeleka wanawe Afriski anaweza kuwapeleka. Awaache wao wateleze, yeye ashike simu arekodi. Kuanzia siku ya kwanza ya maandalizi ya msimu mpya, klabu yake itamhitaji na magoti yote mawili.